Beringi na Yule Bwana wa Mbeya

Niseme mapema: gari si langu. Hapa Ilula hakuna asiyelijua hilo, lakini wewe unayesoma unaweza kuwa mgeni, ukanikuta nimekaa mbele nimevaa koti ukadhani mimi ndiye mwenye mali. Gari ni la mke wangu. Amelitoa kwenye nyanya, na usukani ni wake. Mimi nikipanda nakaa upande wa abiria, nashika chupa ya maji, na kazi yangu kubwa ni kuangalia kama mlango umefungwa.

Ni pikapu nyeupe, namba E, yaani ya juzijuzi, viti vyake bado vina nailoni ya kiwandani, na ole wako uichane. Ilitokea huko kusini ikaingilia mpakani Tunduma. Siku ilipofika uani kwetu mchungaji alikuja akaiombea, majirani wakaizunguka, na mimi nikachemsha chai ya watu wote. Jirani mmoja akaniuliza, "Sasa baba, na wewe umepewa kuendesha nini?" Nikamwambia, "Naendesha birika."

Mimi ni mtu wa nyumbani. Si kwamba sina kazi. Kazi zangu ziko uani. Nina kuku wa mayai, nina nguruwe, nina bustani ya mboga, na nina sufuria. Shule nilifika kidato cha nne, na kwa kuwa darasa la fizikia lilikuwa limejaa, mimi nikapelekwa sayansi kimu, mambo ya mapishi na usafi, pamoja na wasichana. Wenzangu walinicheka mpaka wakachoka. Lakini mpaka leo sufuria niliyoisugua mimi kwa majivu na stilwaya, mama mkwe anaweza kujitazama humo akafunga kilemba. Kila mwanamume ana sifa yake, na yangu inaning'inia jikoni, chini juu.

Kabla ya gari, mke wangu alikuwa anauza nyanya kando ya barabara kuu, ndoo zimepangwa, mabasi yanasimama, abiria wananyoosha mikono madirishani. Jioni alikuwa anarudi, anakaa kwenye kigoda cha jikoni, ananisimulia siku nzima huku mimi nakoroga ugali. Abiria aliyeomba aongezewe nyanya moja tu, basi likaondoka na ndoo nzima. Kondakta aliyetongoza wauzaji wote kwa mstari, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kila mmoja akimwambia ndiye peke yake. Akifika mahali pa kuchekesha, mke wangu huanza kucheka kabla ya kulisema lenyewe. Ana kicheko kimoja kinaanzia tumboni, kinakwama kifuani, kisha kinatoka kwa fujo kama kuku aliyetaga. Kicheko kile kilikuwa changu. Nilikuwa nakipokea kila jioni, na sikujua kama ni mali mpaka kilipopungua.

Gari lilipokuja, kikapungua. Akawa anaondoka asubuhi na mapema, mara yuko mashambani Kilolo, mara ameshuka Kitonga kufuata vitunguu Ruaha Mbuyuni. Ule mlima mimi hata nikiona picha yake nafumba macho. Akirudi anasema, "Leo nimechoka, baba," anakula, analala. Hadithi zake anazimalizia hukohuko barabarani kwa makuli na wapakiaji. Mimi nabaki na sahani.

Kwa hiyo siku injini ya gari ilipogonga, Mungu anisamehe, nilisikitika kwa mdomo tu.

Alikuwa anatoka shambani na mzigo wa nyanya. Jiwe likagusa tumbo la injini, oili ikaanza kuvuja kidogokidogo, na yeye akili yake iko kwenye nyanya. Mara taa nyekundu ikawaka, na kabla hajaielewa akasikia ko, ko, ko, kama mtu anabisha hodi ndani ya injini. Akazima palepale. Nyanya zikahamishiwa kwenye trekta, na trekta hilohilo likalivuta gari kwa kamba mpaka uani kwetu, kando ya banda la kuku.

Watu wakaanza kuja kutoa pole. Ndivyo tulivyo hapa. Gari likilala watu hawaulizi limeharibika nini, wanakuja na nyuso za msibani.

"Kamwene. Poleni na mgonjwa."

"Tunashukuru."

"Anaendeleaje? Amekula?"

"Hata oili hanywi."

Mimi nachemsha chai, mke wangu amekaa kwenye kigoda. Kwenye kigoda! Mara ya kwanza tangu gari lije. Nikajisemea moyoni, fundi chukua muda wako, kaka, usiharakishe.

Fundi ni jirani yetu, mtu wa maneno machache anayezungumza zaidi akiwa chini ya gari. Aliishusha injini, akailaza juu ya magunia, akaifungua. Akasema beringi zimelika. Mimi beringi nilizozijua ni zile za gurudumu zenye golori ndani, watoto wanazitengenezea vigari. Akanionyesha kwamba hizi ni nyingine: vipande vyembamba vya chuma laini, kila kimoja kama nusu ya bangili. Viwili viwili vinaikumbatia krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ili usisagike.

"Krenki imepona," akasema, "kwa sababu mama alizima mapema. Angevuta mpaka lami, leo tungekuwa tunachimba kaburi."

Mke wangu akaenda Iringa mjini akazunguka maduka yote ya spea. Beringi za magari ya zamani tele. Za hili jipya hakuna. "Mama, hilo gari lako limetutangulia," wakamwambia. Mwingine akampa za kopi, fundi akazikwaruza kwa ukucha, akazirudisha kwenye boksi. Mwisho dereva mmoja wa lori akamwambia kwamba gari lililoingilia Tunduma, spea zake atafute Mbeya, akampa namba ya mwenye duka la huko Mwanjelwa.

Hapo ndipo maradhi yangu yalipoanza rasmi.

Mara ya kwanza walizungumza mambo ya beringi. Nilikuwa nachagua mchele, nikasikia kila kitu, aina ya gari, aina ya injini, ndiyo, hapana. Sauti ya yule bwana ilikuwa nzito na ya taratibu, kama ya mtangazaji wa vifo redioni. Mara ya pili wakazungumza beringi na hali ya hewa ya Mbeya. Mara ya tatu sikusikia neno beringi hata moja. Nilisikia, "Eee bosi wangu, mgonjwa ameamkaje?" kisha maneno ambayo sikuyapata vizuri kwa sababu jogoo aliwika, kisha kicheko. Kilekile. Tumboni, kifuani, kuku akataga.

Nikasimama na ungo wangu.

"Huyo ni nani?"

"Wa spea."

"Wa spea ndiye anayechekesha hivyo?"

"Kwani baba, spea zinauzwa kwa kulia?"

Tangu siku hiyo simu ikiita mimi nina kazi ya haraka karibu na kigoda. Vyombo vya maji vya kuku nilivisafisha mpaka kuku wenyewe wakawa wanavikwepa. Nilichogundua ni hiki: gari lilipokuwa zima, mke wangu hakuwepo na kicheko hakikuwepo, nikavumilia. Sasa mke yupo, kicheko kipo, kimekaa kwenye kigoda changu, ndani ya jiko langu, lakini anayelipwa nacho ni mtu wa Mbeya.

Yule bwana akasema hatumi beringi kwa mazungumzo ya simu. Lete sampo. Na hilo sikumlaumu, maana huku kwetu kila kitu hununuliwa kwa sampo; koki ya bomba, kitasa, kamba ya kiatu. Unakwenda dukani na kilichokufa mkononi, unaomba ndugu yake. Mke wangu akasema, basi kesho kutwa napanda basi.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Fundi alikuwa amelala chini ya gari anafunga nati. Spana ikamwanguka.

"Wewe?" mke wangu akauliza. "Wewe ambaye mpaka Igumbilo stendi unakwenda kwa maombi?"

"Nitakwenda. Wewe una nyanya zinaiva shambani."

"Sema tu unataka kumwona."

"Nimwone nani?"

"Wa spea."

"Mimi nitafute nini kwa mwanamume mwenzangu?"

"Haya," akasema, na akageuka upesi, nikaona mabega yanatikisika. Nadhani alikuwa anakohoa.

Jioni fundi akanikabidhi beringi za zamani zimefungwa kwenye tambara. "Zipeleke kama zilivyo," akasema. Nikafikiri ananiambia nisizipoteze.

Nikazifungua jikoni. Ndugu yangu, zilikuwa za aibu. Nyeusi, zinateleza, zinanuka oili iliyoungua. Nikapata picha: yule bwana na sauti yake ya redio anafungua tambara hili mbele ya wateja. Mke wangu amejieleza kwake kama mfanyabiashara, mwenye gari namba E, kisha mumewe anatokea na uchafu huu. Atasema, kumbe huko kwake ndivyo kulivyo. Atamhurumia. Mtu akishamhurumia mke wako, umekwisha.

Nikachota majivu.

Nilizisugua moja moja, mgongo na tumbo, kwa stilwaya na maji ya moto. Nyuma fundi alikuwa ameandika vinamba kwa kalamu nene, vikatoka. Pembeni ya kila moja kulikuwa na tone la rangi, hii kijani, hii njano, hii kahawia, nikasema hawa wa kiwandani nao hawajui kupaka rangi bila kudondosha. Nayo nikaitoa, ingawa ilikuwa mbishi. Nikamalizia na ndimu ili zisinuke. Zilipokauka zilikuwa zinang'aa mpaka nikasikitika kwamba zinakwenda kutupwa. Nikazifunga kwenye kitambaa cheupe cha kufuma, nilichokifuma mwenyewe.

Asubuhi nikavaa koti langu la kanisani nikapanda basi. Kifurushi nimekiweka mapajani. Kuanzia Iringa nikaanza kujifunza maneno yangu. Mimi ndiye mume. Hapana, hiyo ni ya ugomvi. Nimetumwa na mke wangu. Hapana, hiyo ni ya mtoto. Mafinga tukapita kwenye baridi na mbao, bado sina sentensi. Makambako mama mmoja akaingia akakaa karibu nami, akanitazama koti, akatazama kitambaa cha kufuma.

"Unakwenda kuchumbia, baba?"

"Nakwenda kununua beringi."

Akahamishia kikapu chake upande wa pili.

Igawa, Chimala, mashamba ya mpunga, Igurusi. Moyo wangu ulikuwa unaomba ombi moja: awe mzee. Awe mzee mfupi mwenye kikohozi na meno machache, na ile sauti iwe ni ya homa. Uyole nikaongeza na upara.

Mungu alikuwa na watu wengine wa kuwasikiliza siku hiyo. Nilimkuta Mwanjelwa nyuma ya meza ya kioo, mrefu, sweta limemkaa vizuri, ndevu zimechongwa, na akitabasamu duka zima linakuwa kama limefunguliwa upya. Alikuwa anamhudumia mama wa makamo aliyekuja kutafuta fenibelti.

"Bosi wangu, hii itakufikisha Kyela ukarudi," akamwambia, na yule mama akacheka. Akaingia mwanamume mwenye ovaroli. "Bosi wangu, umenisusa?" Naye akacheka.

Kumbe kila mtu ni bosi wake! Wewe ungefikiri nilifurahi. Nilikasirika, tena kwa niaba ya mke wangu. Mwanamke kama yule, mwenye pikapu mpya na kicheko cha aina yake, anawekwa fungu moja na mnunua fenibelti!

"Karibu bosi wangu," akaniambia na mimi.

"Nimetoka Ilula," nikasema. Ndiyo sentensi pekee iliyobaki baada ya safari yote ile.

Uso wake ukafunguka. "Ilula! Wewe ndiye mzee wa nyumbani? Wa kuku aliyetagia ndani ya beseni la ubatizo?"

Ile hadithi ni yangu. Nilikuwa nimeazimwa beseni la kanisani nilisugue, kuku wangu akaingia humo akataga asubuhi ya Jumapili, mzee wa kanisa akalibeba na yai ndani bila kuangalia. Nilimsimulia mke wangu jioni, akaniambia amechoka. Sasa naikuta Mwanjelwa! Mke wangu alikuwa ameichukua akaiweka, kisha akaja kuiuza Mbeya kwa bei ya jumla.

"Tulicheka hapa, bosi wangu, mpaka nikakosea chenji ya mtu. Haya, lete sampo."

Nikafungua kitambaa taratibu, kwa fahari, maana hili la usafi nilijua nimemshinda. Akatazama. Akachukua moja, akaigeuza mgongo. Akachukua nyingine, akaitazama ubavu. Akawasha tochi ya simu.

"Bosi, hizi zimetoka wapi?"

"Kwenye injini ya mke wangu."

"Zimetoka zikiwa hivi?"

"Zilikuwa chafu. Nikazisafisha."

"Kwa kitu gani?"

"Majivu. Na stilwaya kidogo. Nikamalizia na ndimu."

Akairudisha mezani polepole, kama mtu anayerudisha yai kiotani.

"Ndimu," akasema.

"Zisinuke."

Nampa haki yake, hakucheka. Alinivutia stuli, akanieleza kwa ile sauti ya vifo, na safari hii iliendana na habari yenyewe. Injini hizi mpya, beringi zake hazilingani. Hii imezidi mwenzake unene kwa kitu chembamba kuliko unywele, na kila moja ina mahali pake. Tone la rangi ubavuni ndilo linalosema nani anakaa wapi. Ukichanganya, moja itabana, nyingine italegea, na injini itabisha hodi tena kabla hujaipita Mafinga.

"Na vile vinamba vya nyuma?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaanza kujua.

"Vilikuwepo?"

"Vilikuwepo."

"Hivyo ndivyo vingetusaidia rangi ikipotea."

Nikaziona rangi zangu zikiteremka kwenye beseni, kijani, njano, kahawia, maji yake nimeyamwaga kwenye mchicha. "Kwa hiyo hizi sasa..."

"Bangili, bosi wangu."

Nilichokiona mbele yangu wakati ule si hasara ya nauli. Niliona nikirudi mikono mitupu, kisha mke wangu mwenyewe akipanda basi la Mbeya na kitenge chake kipya, kwa sababu yangu. Nilikuwa nimesafiri siku nzima kuuziba mlango, na kumbe nimekuja kuufungua.

"Injini iko wazi bado?" akauliza.

"Iko juu ya magunia, karibu na kuku."

"Basi Mungu yupo. Kiwandani wanagonga namba kwenye krenki, na nyingine kwenye bloku, mwili wenyewe wa injini. Tukizipata, ninayo chati, nitajua rangi zote. Ngoja nimpigie." Akatoa simu. "Namba yake ninayo."

"Na mimi ninayo," nikasema, na nikapiga kwanza.

Akaniambia niweke spika. Nikamwambia spika yangu mbovu. Spika yangu ni nzima kabisa. Ndiyo ninayosikilizia mahubiri. Kwa hiyo kuanzia hapo mimi nikawa waya. Yeye anasema kwangu, mimi nasema kwa mke wangu, na waya ule ulikuwa na akili zake.

"Mwambie nampa pole sana, na mgonjwa atapona."

"Anakusalimia," nikasema.

"Mbona amesema maneno mengi?" mke wangu akauliza.

"Mtandao."

"Mwambie sauti yake tumeikosa hapa dukani tangu juzi."

"Anasema utazame kwenye bloku, ubavuni, kuna namba zimegongwa."

Nikamsikia akiita fundi, nikasikia kuku wakifukuzwa, nikasikia gunia likivutwa. Akaanza kusoma. Alisoma za bloku, akasoma za krenki, fundi akimwekea tambara na kumwambia geuza, hapo, tena. Mimi narudia, yule bwana anaandika kwenye kipande cha boksi na kutazama chati. Namba moja haikusomeka. Mke wangu akaisugua kwa kidole. "Kwa kidole tu?" nikamuuliza. "Usitumie kitu kingine!" Yule bwana akainamisha kichwa ghafla, akawa anatafuta kitu sakafuni.

Namba zikaisha. Nikafikiri nimepona.

"Lakini baba," mke wangu akasema, "hizi namba za nini? Si umebeba sampo?"

"Sampo ninayo."

"Ina nini?"

"Haina kitu. Ni safi."

"Safi vipi?"

Nikazifunika beringi kwa kitambaa.

"Umezisugua," akasema. Hakuuliza. Ananijua.

"Kidogo."

"Baba watoto! Kwa majivu?"

"Na ndimu."

Kicheko kikaja. Nilikisikia kikiamka huko tumboni, nikakisikia kikikwama, kisha kikatoka kwenye simu kwa nguvu ambayo spika yoyote ingekuwa ni kupoteza umeme. Nikasikia akimwambia fundi, "Amezisugua! Beringi! Kwa ndimu!" na fundi, mtu wa maneno machache, akapiga yowe. Mke wangu alicheka mpaka akaomba nisikate, avute pumzi, kisha akaanza upya. Na mimi, simu sikioni, nikawa nimekaa kwenye stuli ya watu natabasamu kama mjinga. Kilikuwa changu. Hakuna aliyenisaidia kukipata, nimekisugua kwa mikono yangu mwenyewe.

Furaha hiyo haikumaliza dakika. Yule bwana aliyekuwa akivumilia tangu mwanzo akashindwa. Akaangua kicheko, akalalia meza ya kioo, na mke wangu akamsikia, akazidi. Nikawa hapo katikati, huyu ananichekea sikio la kulia, huyu la kushoto, wanacheka pamoja na kuelewana bila ya waya wowote.

"Haya, inatosha," nikasema. "Mtu anatafuta beringi."

Akanitafutia zote, boksi kwa boksi, kila moja na tone lake la rangi, akaziandika mahali pake kwenye kile kipande cha boksi. "Hizi usizioshe," akasema. Akanionyesha gesti nzuri ya kulala, na asubuhi nilipopita kuaga nikakuta ameweka mkungu wa ndizi mlangoni. "Mgeni wa huku harudi mikono mitupu. Mpelekee bosi wangu."

Nilibeba ule mkungu mpaka Ilula kama mtu aliyetumwa barua ya posa ya mke wake mwenyewe. Mke wangu alinipokea barabarani. "Ndizi nzuri! Umenunua wapi?"

"Uyole," nikasema.

Hatujafika hata mlangoni, simu yake ikaita. "Bosi wangu, ndizi zimefika?"

Alinitazama. Alienda kukaa kwenye kigoda, na jioni ile, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akaniambia, "Haya, nisimulie." Nikamsimulia kuanzia yule mama wa Makambako. Alicheka mpaka ugali ukapoa. Hata mahali ambapo waya ulikata maneno nilimwambia, nikampa salamu zote za yule bwana zilizobaki, ile pole sana, ile ya sauti na kila kitu. "Najua," akasema. "Alishanipigia akanieleza."

Fundi akafunga beringi kila moja na kitanda chake, akirudisha injini siku nzima huku anajichekea chini ya gari. Ilipowaka haikubisha hodi popote. Majirani waliokuja kutoa pole wakaja tena kutoa hongera, mimi nikarudi kwenye birika langu.

Beringi za zamani fundi alitaka kuzitupa pamoja na matambara. Mke wangu akamzuia, akachagua moja, ile iliyong'aa kuliko zote, akaiweka mbele ya usukani, pale kwenye dashibodi, juu ya kile kitambaa changu cha kufuma.

"Ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kunichekesha njiani. Nikipanda Kitonga na mzigo, nikiitazama hii, nasahau mlima."

Asubuhi iliyofuata akawasha gari kwenda Kilolo. Nilimfungulia geti, nikamwona kupitia kioo. Kabla hajatia gia alitupa jicho pale kwenye dashibodi, na mabega yakaanza kutikisika, kisha gari likapinda kona ya kanisa na kupotea na kicheko chake ndani. Yule bwana wa Mbeya bado hupiga simu, siku hizi anatuuliza wote hali, nami nimeshamzoea. Lakini kile kipande cha chuma kinapanda naye, kinashuka naye, kinakaa mbele bila kushika chupa ya maji, na kinachekewa tangu alfajiri mpaka jioni. Nimebaki uani na kuku wangu, nakionea wivu.